Una gamba tupu (mwili wa nje) la modeli ya manowari? Tafuta ramani hivi

Usianze kutafuta ramani kabla ya kupima. Laza gamba mezani, pima urefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha upana wa katikati. Linganisha uwiano wa vipimo hivyo na wa meli halisi. Manowari za Marekani za daraja (aina) la Fletcher, kwa mfano, zilikuwa na urefu wa mita 114.8 na upana wa mita 12. Gamba la sentimita 119.6 kwa 12.5 ni la skeli ya 1:96. Urefu ukikubali na upana ukakataa, hiyo ni meli nyingine, au gamba limetanuka kwa kukosa mbao za kulishikilia. Libane kwanza, upime tena.

Michoro ya asili hukaa kwenye hifadhi za nyaraka na makumbusho za taifa: meli za Marekani kwenye National Archives, na nyingi za Uingereza kwenye National Maritime Museum, Greenwich. Taja jina la meli na mwaka, si daraja tu. Hapa ndipo wengi hukosea. Fletcher za mwanzo zina chumba cha kuongozea meli cha duara, za baadaye cha mraba, na mwaka 1945 baadhi ziling'olewa mitambo ya topido ili kuongezwa mizinga ya kutungulia ndege. Picha zenye tarehe ndizo zitakazoamua.

Omba mchoro wa ubavuni, wa sitaha kutoka juu, na wa mikato ya gamba. Ukichapisha, pima mstari wa skeli kwa urefu na kwa upana: karatasi huvutika, na mara nyingi upande mmoja tu.