Kabla hujanunua hamira na hopsi za bia yako ya kwanza

Wengi wanaotaka kutengeneza bia nyumbani huanza kwa kuchagua picha iliyo kwenye boksi la seti ya kutengenezea bia: bia nyeusi, bia ya ngano, bia ya rangi ya dhahabu. Mimi nasema anza na kipimajoto. Kiweke palepale utakapoiweka ndoo ya kuchachushia, ukisome asubuhi, mchana na usiku kwa siku mbili tatu. Namba utakazopata ndizo zitakazokuchagulia hamira, na hamira ndiyo itakayokuambia ni bia ipi unayoiweza. Suala la sheria ya mahali ulipo kuhusu kutengeneza pombe nyumbani limalize kabla hujatoa hela.

Hamira za bia ziko katika makundi makubwa mawili. Za eli (ale kwa Kiingereza), ambazo wanasayansi huziita Saccharomyces cerevisiae, hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Za laga, Saccharomyces pastorianus, hutaka ubaridi wa nyuzi 9 hadi 14, na baada ya hapo bia hukaa wiki kadhaa kwenye baridi kali zaidi ili itulie. Kama huna friji unayoweza kuitoa kwa kazi hiyo peke yake, laga iache kwanza. Seti kadhaa zinazouzwa kwa jina la laga huwekewa hamira ya eli ndani, maana watengenezaji wanajua nyumba zetu zilivyo. Bia haiharibiki kwa hilo, ila usije ukashangaa ikikosa ule ulaini wa laga.

Halafu kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hulipita juu juu: hamira ikiwa kazini hutoa joto. Siku mbili tatu za mwanzo, maji ya kimea yaliyomo ndani ya ndoo yanaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 22 kwa hiyo kinaweza kukupa ndoo ya nyuzi 26, na hapo hamira nyingi za eli huanza kutoa pombe nzito zinazochoma koo kama spiriti, pamoja na harufu ya ndizi usiyoiomba. Ukisimamisha ndoo kwenye beseni la maji na kubadilisha chupa za barafu ndani ya beseni asubuhi na jioni, utashusha nyuzi kadhaa bila gharama. Siku hizo za mwanzo ndizo za kuchunga zaidi; zikishapita, joto likipanda kidogo halina madhara makubwa.

Chumba kikiwa na nyuzi 28 au 30 mwaka mzima, usishindane nacho. Tafuta kveik, hamira ya asili ya wakulima wa Norwei, ambayo hustahimili nyuzi 30 na zaidi bila kuharibu ladha. Kuna pia hamira za saison, bia ya mashambani ya Ubelgiji, zinazopenda joto, lakini baadhi yake huendelea kula hata sukari ngumu ambazo nyingine huziacha, polepole, wiki baada ya wiki. Ukijaza chupa mapema, gesi hujaa ndani na chupa zinapasuka. Hivyo kama huna haidromita, chombo cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, usizinunue. Na hata kwa hamira nyingine, chupa zisijazwe mpaka kipimo cha haidromita kibaki palepale siku tatu mfululizo.

Kuhusu pakiti yenyewe: ile ndogo iliyo chini ya kifuniko cha kopo la shira ya kimea mara nyingi ina gramu 5 hadi 7, na hujui imekaa kwenye joto gani tangu itoke kiwandani. Soma tarehe. Ningekushauri ununue pakiti kamili ya hamira kavu ya gramu 11 au 11.5, inayotosha lita 20 hadi 23, na uiweke kwenye friji mpaka siku ya kazi. SafAle US-05, hamira kavu ya eli, haina makeke, inaacha kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zisikike. SafAle S-04 hutua haraka na kushikamana chini, jambo linalomsaidia anayemimina kutoka kwenye chupa zenye mashapo. Hamira za maji zina aina nyingi za kuvutia, lakini hufa upesi zikikosa baridi, zisubiri. Ya mkate itachachusha, hilo halina ubishi, lakini haikuchaguliwa kwa ajili ya ladha ya bia wala haitui vizuri.

Sasa hopsi. Kabla ya kununua hata gramu moja, soma kopo: je, shira ya kimea imeshatiwa hopsi? Kama imetiwa, uchungu umo tayari na huhitaji kuchemsha hopsi kwa muda mrefu. Unachoweza kuongeza ni harufu tu, gramu 25 hadi 50 kwa lita 20, ukizitumbukiza uchachu ukishatulia, siku tatu au nne kabla ya kujaza chupa.

Kama haikutiwa, angalia namba ya asidi za alfa kwenye pakiti ya hopsi, maana ndiyo inayokuambia uchungu. Chukua gramu 30 za hopsi zenye alfa asilimia 6. Hizo ni miligramu 1,800 za asidi. Ukichemsha saa moja, karibu robo yake ndiyo inayogeuka na kubaki kwenye bia: miligramu 450. Gawa kwa lita 20, unapata miligramu 22.5 kwa lita, uchungu wa wastani usiomkimbiza mgeni. Ukibadilisha kwa gramu zilezile za aina yenye asilimia 12, uchungu unakuwa maradufu. Ndiyo maana kubadilishana aina kwa kuangalia uzito pekee huleta vilio. Kati ya aina za hopsi, Saaz huwa chini, karibu asilimia 3 hadi 4.5, Cascade iko katikati, Citra huvuka 11. Namba hubadilika kila mavuno, kwa hiyo amini pakiti uliyoishika. Kwa kuanzia, aina moja tu inatosha, sehemu ichemke saa nzima kwa uchungu na sehemu iingie dakika tano za mwisho kwa harufu. Ukichanganya aina nne huwezi kujua ipi imefanya nini.

Nunua za punje zilizogandamizwa, katika pakiti isiyopitisha hewa, zikiwa za kijani. Zikiwa na rangi ya kahawia au zinanuka jibini, zimekwisha. Zinazobaki zifunge vizuri uziweke kwenye friza. Tafuta pia chupa za kahawia mapema, kwa sababu mwanga ukigusa bia yenye hopsi ndani ya chupa isiyo na rangi huipa uvundo kwa muda mfupi sana.

Na kama unafuga mbwa, panga kabisa utakapotupa makapi ya hopsi. Kwa mbwa ni sumu, yanaweza kumpandisha joto la mwili hata kumuua, na harufu tamu ya kimea iliyobaki humo humvuta. Yafunge kwenye mfuko, yaingie kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana.