Kabureta anza na mafuta, nozeli anza na betri

Mteja akinisukumia pikipiki isiyowaka, swali langu la kwanza ni hili: mara ya mwisho umejaza mafuta wapi? Akisema kituoni, naendelea na maswali mengine. Akisema kwa yule mama wa chupa pale njia panda, nachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, nachomoa mpira wa mafuta chini ya tanki, nakinga robo lita, kisha naiweka benchi penye mwanga. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Kama maji yamo, yatashuka na kukaa chini peke yake, na mpaka wake utauona kama mstari. Hapo kazi ni kumwaga tanki na kusafisha.

Mafuta ya taa ni mtihani mwingine, maana hayajitengi. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, ila chupa ya barabarani haina wa kuikagua. Mimi hudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka na kuondoka. Mafuta ya taa huacha doa la ugrisi. Ukiona doa, usihangaike na kitu kingine kwanza.

Nina miaka kumi na nne kwenye kazi hii, hapa Njombe mjini. Nilianza na pikipiki za Kichina za CC 125, zile ambazo ukiwa na spana ya kumi na bisibisi umemaliza. Sasa zinaingia na za nozeli, zinazonyunyizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta, wengine huziita EFI, na ndizo zinazowatoa jasho mafundi wenzangu. Wahindi walibanwa na sheria yao ya moshi, BS6, Aprili 2020, na Ulaya walishabanwa kabla yao, ndiyo maana viwanda vimeiacha kabureta kwenye masoko hayo. Bodaboda nyingi tunazouziwa huku bado ni za kabureta. Kwa hiyo fundi wa leo anashika zote mbili, na kosa ninaloliona kila wiki ni kuitibu moja kwa dawa ya nyingine.

Injini zote zinataka vitu vilevile: hewa, mafuta, moto wa plagi kwa wakati wake, na mgandamizo. Kwa petroli, gramu moja ya mafuta inataka karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kabureta inapima kwa mvuto: injini inanyonya hewa, hewa inapita kwa kasi kwenye koo jembamba, inayavuta mafuta kupitia vitundu vya jeti. Haihitaji umeme wowote. Kwenye nozeli, pampu iliyomo ndani ya tanki inasukuma mafuta kwa presha ya karibu bar 3, na kompyuta inasoma sensa zake, inaamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Umeme ukilegea, mafuta hayaji, hata tanki likiwa limejaa mpaka shingoni. Ndiyo maana kwenye kabureta naanza na mafuta, na kwenye nozeli naanza na betri.

Kabla hujashika spana

Angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Usicheke. Kuna kijana alisukuma pikipiki kutoka Uwemba asubuhi ya Juni, baridi ya kukata masikio, kumbe mtoto wake aliichezea swichi usiku. Sikumtoza hela, alininunulia chai na maandazi mawili. Angalia koki ya mafuta imefunguliwa. Angalia stendi ya pembeni kama pikipiki yako ina sensa yake. Na kama ni ya nozeli na ilianguka, zima funguo, iinue, washa tena: nyingi zina sensa ya mlalo inayokata injini pikipiki ikilala, na haiachii mpaka funguo izimwe.

Kisha toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe kavu, mafuta ni haba au hewa inaingia pasipotakiwa. Imelowa, mafuta yanafika ila hayaungui. Ili kuona moto, irudishe plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini, piga kiki. Tundu la plagi lizibe kwa kitambaa na plagi ikae mbali nalo, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka pale unashika moto. Kwenye ya nozeli, chomoa kwanza soketi ya nozeli isimwage mafuta wakati unajaribu. Moto wa bluu wenye mlio ni mzima. Wa njano mwembamba, anza kushuku plagi, kofia, koili. Mwanya wa plagi kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Ya kabureta

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ilegeze, kinga kikopo. Mafuta yakitoka kwa mkondo usiokatika, tanki na koki ni vizima, tatizo lipo ndani ya kabureta au kwenye moto. Yakitoka kidogo yakakata, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia pumzi "fyuu" na mafuta yakaanza kuja tena, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba kwa vumbi, na umeokoa siku nzima. Yasipokuja hata hapo, toa koki, uone chujio lake.

Mafuta yakichuruzika kwenye mpira wa kumwagia wakati pikipiki imesimama, boya, lile linalokata mafuta bakuli likijaa, halifungi. Gonga ubavu wa bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingine ni uchafu tu umekwama kwenye sindano ya boya. Likiendelea, fungua. Litoe boya ulitikise karibu na sikio. Likisikika na mafuta ndani, limetoboka.

Mahali penyewe tatizo linapotokea ndipo panapokuambia jeti ipi ya kufuata. Inazima ukiiacha sailensi, yaani ikiunguruma bila kushikiwa mafuta, lakini ukiishikia resi inaenda: jeti ndogo imeziba. Sailensi imetulia, ila kwenye mlima na mzigo inakosa pumzi: jeti kubwa, au chujio la hewa limejaa vumbi, au mpira wa pistoni ya kabureta umechanika kwa zile zenye mpira huo. Sailensi inapanda na kushuka yenyewe: hewa ya wizi, mara nyingi kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Nyunyiza maji kidogo hapo injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umepata mpasuko. Wapo wanaonyunyizia petroli. Na mimi nimeona pikipiki moja ikiungua hivyo, mwenyewe amesimama na chupa mkononi.

Jeti haisafishwi kwa waya. Narudia hili kwa sababu ya kijana wangu wa kazi. Mwaka wa kwanza alichukua uzi wa chuma, akapekecha jeti kubwa mpaka ikang'aa. Pikipiki iliwaka vizuri kabisa, tukashangilia. Baada ya siku nne ikarudi: plagi nyeusi tii, na mwenyewe analalamika mafuta ya elfu kumi hayafiki alikokuwa akifika kwa elfu saba. Kitundu kilikuwa kimepanuka. Jeti ni shaba laini, na namba iliyochongwa juu yake ndiyo ukubwa wa kitundu. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa kompresa, na ikigoma tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Ukiiinua kwenye jua, uone mwanga wa duara kamili.

Kabla hujaitoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike namba hiyo mahali. Usiikaze, ncha yake inaharibika. Nyingi hukaa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Kuirekebisha, injini iwe ya moto: zungusha robo robo mpaka sailensi ipande juu kuliko sehemu nyingine zote, halafu ishushe kwa skrubu ya sailensi. Jambo linalowachanganya wengi: skrubu ikiwa upande wa chujio inapima hewa, kuifunga kunaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, kuifunga kunayapunguza.

Ya nozeli

Hapa weka bisibisi chini. Funguo ON, usipige stata, weka sikio kwenye tanki. Unatakiwa usikie pampu ikilia "zzzii" sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza. Wakati huohuo taa ya injini kwenye dashibodi iwake na kuzima.

Pampu kimya? Pima betri kwa mita. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.0 imeshachoka. Piga stata huku ukiangalia mita: ikianguka chini ya 10, betri haifai hata kama honi inalia. Injini ikiwaka, shika resi: kati ya 13.5 na 14.5 chaji inaingia. Halafu fyuzi, halafu rilei, halafu nati za betri zenyewe, hasa ya hasi na pale waya wake unapofungwa kwenye fremu. Kuna mzee aliniletea pikipiki iliyokwisha kubadilishwa pampu na nozeli sehemu nyingine, zaidi ya laki tatu zimeondoka, na bado inazima kwenye matuta. Nati ya waya hasi ilikuwa inazunguka kwa vidole. Niliisugua kwa msasa, nikaikaza. Mzee alinyamaza muda mrefu, hata neno la kuaga hakulitoa.

Taa ya injini ikipepesa, inakuhesabia. Kwa Honda za mfumo huu, mpepeso mrefu ni kumi na mfupi ni moja. Mifupi saba ni sensa ya joto la injini, minane ni sensa ya mkao wa mkono wa mafuta, mmoja mrefu na miwili mifupi ni nozeli yenyewe, miwili mirefu na mmoja mfupi ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kampuni nyingine zina hesabu zao, zimo kwenye kitabu cha ufundi cha pikipiki husika. Lakini namba haisemi "nunua mpya". Inasema njia hiyo ya umeme ina shida. Chomoa soketi ya sensa hiyo kwanza. Nusu ya wakati nakuta matope au kutu ya kijani, kwa sababu vijana wa kuosha wanapiga maji ya presha chini ya siti. Dawa ya kusafishia umeme, kausha, rudisha mpaka isikike "tik".

Taa haiwaki, pampu inalia, na bado haina nguvu mlimani? Sasa ndiyo unafikiria chujio la pampu na presha, na kwa hilo unahitaji geji. Usichomoe mpira wa mafuta hivihivi, una presha na utakurukia machoni. Chomoa soketi ya pampu, iache injini iungurume mpaka izime yenyewe, funika kiungo kwa kitambaa, ndipo ufungue.

Mazoea mawili ya kabureta yaacheni: kuendesha mpaka tone la mwisho, kwa sababu pampu inapozwa na mafuta yaliyomo tankini, na kutoa betri ukitegemea kiki. Kabureta nyingi zitawaka bila betri. Hii kompyuta yake itabaki imelala.

Kama moto upo, mafuta yapo, na bado inagoma, zote mbili zinaishia pamoja: pima teipeti, yaani mwanya wa vali, injini ikiwa ya baridi, kisha mgandamizo. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Mlima

Mwaka jana vijana wawili walipanda kutoka Dar es Salaam wiki moja, mmoja na kabureta, mwingine na nozeli. Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa hupungua kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Wa nozeli hakujua lolote, sensa ya presha ya hewa ilimpunguzia mafuta yenyewe. Wa kabureta alifika na moshi mweusi na plagi yenye masizi, anaapa kwamba injini imekufa. Nilisogeza klipu ya sindano ya kabureta mkato mmoja juu ili sindano ishuke, nikapunguza mafuta kwenye skrubu ya mchanganyiko. Vipimo vya zamani nikamwandikia kwa maka pen chini ya siti, nikamwambia akishuka avirudishe, maana huko chini atakuwa na mafuta haba na injini itachemka.

Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Fundi, kila nikiachia mafuta inapiga kama baruti, na injini ya moto haishikiki."

"Uko wapi?"

"Mbagala, Dar."

"Fungua siti," nikamwambia. "Usome."