Jinsi ya kupata neno lako katika wimbo wa ibada uliouzoea

Wimbo ulioujua tangu shule ya Jumapili una tatizo moja: tuni inakimbia, mdomo unaifuata, na akili iko kwenye foleni ya Kimara. Dawa yake ni kuyatenga maneno na tuni kwa siku chache.

Chagua wimbo mmoja tu, ule unaojikuta unauimba ukifua au ukipika. Utafute kitabuni, iwe Tenzi za Rohoni, Mwimbieni Bwana au Nyimbo za Kristo, kwa sababu maneno yanayopita chini ya video mara nyingi yana makosa na beti zimerukwa. Andaa daftari, kalamu na robo saa ya utulivu. Kwa nyumba nyingi za Dar hiyo ni alfajiri, kabla redio ya jirani haijawashwa.

Siku ya kwanza nakili beti zote kwa mkono. Hapa wengi hushtuka, maana ibada ya kwanza ikichelewa na watu wa ibada ya pili wameshajaa nje, beti za katikati huachwa, na mara nyingi neno lako, lile linalogusa hali yako, liko huko. Kesho yake soma kwa sauti ya kuongea, ukipumzika penye nukta na mkato. Neno la zamani litafute kwenye kamusi au muulize mzee wa kanisa, usibahatishe.

Kisha fungua Biblia. Chukua "Mwamba wenye imara, kwako nitajificha", wa Augustus Toplady, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Soma Kutoka 33:22, Mungu anapomficha Musa ndani ya mwamba utukufu wake ukipita, halafu Yohana 19:34, damu na maji vinapotoka ubavuni mwa Yesu. Ubeti wa kwanza umebeba yote mawili. Ukishayaona, jiulize: mimi nakimbilia huko nikiwa na nini? Liite jambo kwa jina lake, kwa sentensi moja: kodi ya miezi sita, ugomvi na dada, majibu ya vipimo. Ukiandika "changamoto za maisha" umekwepa, anza tena.

Kosa kubwa ni kuupa wimbo maana ambayo haimo. Ubeti huo unasema habari za kushinda dhambi. Ukiugeuza kuwa ahadi ya kushinda tenda, siku tenda ikienda kwa mwingine utauona wimbo umekudanganya, na haukukudanganya. Wengine husubiri machozi, yasipokuja wanafunga daftari. Usifunge, kukubali jambo moja la kweli kimyakimya kunatosha.

Mwanakwaya ana ugumu wake, hasa wa besi au alto, kwa kuwa kichwa chote kiko kwenye noti. Aijue kwanza sauti yake vizuri, ndipo aanze zoezi hili.

Wimbo ulioimbwa kwenye msiba wenu una uzito wa peke yake. Usijilazimishe. Anza na ubeti ambao haukuimbwa makaburini, au chukua wimbo mwingine kwa sasa. Ukianzishwa ibadani na koo likakubana, fuata maneno kwa macho kitabuni na uwaache wenzako waimbe. Huna deni na mtu.