DNS ya Familia kwa Kompyuta ya Sebuleni

Wazazi wenzangu wa hapa Moshi ambao kompyuta ya nyumbani inatumiwa na kila mtu, kuanzia baba mwenye hesabu za duka hadi mtoto wa darasa la tano, hawana haja ya kukimbilia kununua programu ya kuzuia tovuti. Kwanza mfungulieni mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi, na nenosiri la msimamizi mbaki nalo wenyewe (si kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, kama nilivyofanya mimi). Kisha, katika mipangilio ya mtandao, andikeni anwani za DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba ili kompyuta iifikie) 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za kampuni ya Cloudflare, ambazo hutolewa bure na huzuia tovuti za ngono pamoja na zile zenye programu hasidi.

Anwani hizo ziwekwe kwenye adapta ya Wi-Fi (sehemu inayoiunganisha kompyuta na mtandao) ya kompyuta yenyewe, wala si kwenye ruta pekee, kwa kuwa kijana wetu aligundua ndani ya wiki moja kwamba akiomba intaneti kutoka kwenye simu ya shangazi yake, vizuizi vya ruta havimhusu tena. Kagueni pia vivinjari: Chrome na Firefox zina mpangilio wa DNS salama ambao, ukielekezwa kwingine, hupita kando ya anwani mlizoweka. Uzimeni. Kwa YouTube, washeni hali yenye vikwazo ndani ya akaunti ya mtoto.