Jinsi ya kuzikumbuka pointi 100 za Wilt Chamberlain bila kukosea

Wilt Chamberlain, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Philadelphia Warriors, alifunga pointi hizo zote katika mchezo mmoja wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Anza na hesabu, tarehe itafuata. Vikapu 36 mara 2 ni 72. Ongeza mitupo huru 28 iliyoingia kati ya 32, zinatimia 100. Usitafute vikapu vya pointi tatu, NBA ilikuwa haijavianzisha. Hiyo mitupo huru ndiyo ajabu yenyewe, maana kwa kawaida ilimsumbua sana.

Kisha zipange robo kwa robo: 23, 18, 28, 31. Wengi huteleza kwenye robo ya pili, wakidhani alipanda moja kwa moja.

Mahali ni Hershey, Pennsylvania, Machi 2, 1962: Philadelphia Warriors 169, New York Knicks 147. Mchezo haukuonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo tafuta rekodi ya redio ya robo ya nne.