Jina la kati la mtoto wa kike: anza na viungio vyake

Makosa mengi ya jina la kati hutokea kwa sababu lilichaguliwa likiwa peke yake. Wazazi wanalipenda Amani, wanaliandika, na siku ya kumwita binti jina lake zima ndipo wanagundua kuwa halisikiki. Jina la kati lina viungio viwili: pale linapokutana na jina la kwanza, na pale linapokutana na jina la ukoo. Kwa hiyo lisitafutwe kabla hayo mawili hayajatulia. Kama utaratibu wenu unataka nafasi ya pili iwe ya jina la baba, vipimo ni vilevile, ila kazi inageuka: la baba halibadiliki, basi jina la kwanza ndilo litakalopimwa nalo.

Andikeni majina 5 hadi 8, yasizidi. Orodha ya majina 30 huishia kwenye uchovu, na mtu aliyechoka huchukua jina la mwisho kutajwa.

Sikio

Tuseme jina la kwanza ni Rehema na la ukoo ni Salehe, na mna majina matano mkononi: Amani, Mariamu, Johari, Nuru na Zainabu.

Amani linaanguka mapema. Majina mengi ya kike huishia na a, na jina la kati likianza na a, irabu hizo mbili zinamezana. Mtu akisema haraka utasikia "Rehemamani". Hali ni hiyohiyo kwa Amina Asha, ambalo hugeuka "Aminasha". Jina la kwanza likiishia na a, jina la kati lianze na konsonanti. Hii ndiyo kanuni inayookoa wengi.

Mariamu nalo lina tatizo la kiungio, ingawa ni la aina nyingine: silabi ya mwisho ya Rehema ni "ma", na Mariamu linaanza na "ma". Ulimi unaruka moja. Angalieni hivyohivyo upande wa pili: Nuru kabla ya jina la ukoo Rubeni litagonga "ru" mara mbili.

Johari halina kasoro kwenye viungio, lakini hesabuni silabi. Re-he-ma, Jo-ha-ri, Sa-le-he: tatu, tatu, tatu, na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo unagonga mahali palepale mara tatu. Linasikika kama gwaride. Si kosa, wapo wanaopenda. Ila anayetaka jina litembee abadilishe urefu wa katikati. Nuru lina silabi mbili, Zainabu lina nne, na yote mawili yanavunja mdundo huo. Rehema Nuru Salehe. Rehema Zainabu Salehe. Yasemeni kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye mbali. Mpeni na mtu asiyejua mnachopima ayasome kutoka kwenye karatasi. Akikwama mahali, hata mtoto ataishi akikwama hapohapo.

Maana, na mtego wa majina ambayo ni maneno

Kiswahili kina raha yake na hatari yake: majina yetu mengi ni maneno ya kila siku, na maneno mawili yakikaa pamoja huwa yanaunda kauli. Zawadi ni jina zuri, Tatu ni jina zuri. Zawadi Tatu ni hesabu. Imani likifuatwa na jina la ukoo Mashaka, darasa zima litacheka. Furaha Tabu, hali kadhalika. Vita kwa Kilatini ni uhai, na lipo kama jina la kike, lakini Amani Vita kwa msikilizaji wa Kiswahili ni habari nyingine kabisa. Someni jina zima kama sentensi, siyo kama jina.

Kasoro ya pili ni maana kurudiwa kwa lugha mbili. Irene kwa Kigiriki ni amani, kwa hiyo Irene Amani ni amani mara mbili. Grace Neema, Lucia Nuru, Stella Najma, Margaret Lulu: kila jozi inasema kitu kimoja, kwani Margaret asili yake ni neno la Kigiriki la lulu. Wengine hufanya hivyo kwa makusudi, na jozi kama Margaret Lulu ina utamu wake. Ubaya ni kutojua, kisha kuelezwa na mgeni.

Mnataka kumwenzi babu kwa jina la binti? Majina mengi yenye asili ya Kiarabu hupata umbo la kike kwa a ya mwisho: Karimu huzaa Karima, Latifu Latifa, Rashidi Rashida, Habibu Habiba. Paulo huzaa Paulina, Danieli Daniela. Na pale ambapo bibi wawili wanasubiri kila mmoja apate somo wake, nafasi ya kati ndiyo mahali pa kumweka yule ambaye jina lake ni zito kuitwa kila siku. Lakini msijidanganye: jina mnalokusudia kumwita mtoto kila siku liwekeni la kwanza. Shule, benki na viwanja vya ndege huita jina la kwanza, na binti anayeitwa kwa jina la kati atatumia maisha akijieleza.

Kama jina la kwanza ni la jinsia zote, mfano Tumaini, Baraka au Bahati, la kati liwe la kike waziwazi. Tumaini Hamisi ataandikiwa "Bwana" mara nyingi. Tumaini Salome, mara chache sana.

Herufi za mwanzo

Chukueni herufi ya kwanza ya kila jina. Neema Gloria Elias inatoa NGE. Upendo Tatu Issa inatoa UTI, na hakuna anayehitaji kuambiwa watoto wa shule watafanya nini nayo. Angalieni pia herufi mbili za kwanza peke yake: Winfrida Cecilia ni WC. Kama kuna ndugu, herufi zisifanane zote tatu, maana kwenye orodha zinazofupisha majina R. Z. Salehe wawili hawatofautishiki.

Karatasi

Hapa ndipo uzembe hugharimu. Pasipoti inayosomwa na mashine hufuata Waraka 9303 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi za mashine, na ule wa kwanza una nafasi 44. Tano za mwanzo ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za majina. Jina la ukoo hutangulia, kisha alama mbili za kutenganisha, kisha majina mengine yakitenganishwa kwa alama moja:

SALEHE<<REHEMA<ZAINABU

Ukitoa alama hizo tatu, majina matatu kwa pamoja yasizidi herufi 36. Kwenye vitambulisho vya ukubwa wa kadi vya viwango hivyo nafasi ni 30, yaani herufi 27. Yakizidi, jina hukatwa. Ritifaa, ile alama ya ng', huondolewa kwenye mstari huo, na kistari hugeuzwa kuwa alama ya kutenganisha, kwa hiyo Anne-Marie husomeka kama majina mawili. Tiketi za ndege nazo mara nyingi huunganisha jina la kwanza na la kati bila nafasi, REHEMAZAINABU. Hilo ni la kawaida, lisiwatishe.

Amueni tahajia moja kabla ya kwenda kusajili. Zainab au Zainabu, Fatma au Fatuma, Hadija au Khadija: kwa sikio ni mtu mmoja, kwa ofisi ni watu wawili. Msimtamkie karani jina. Mpeni karatasi yenye jina zima kwa herufi kubwa, moja moja, kila jina kwenye mstari wake likiwa na lebo: la kwanza, la kati, la ukoo. Fomu ikiwa na visanduku viwili tu, ulizeni la kati linaingia kipi, maana likiingia kwa la ukoo litabaki huko hadi pasipoti. Cheti kikitoka, kisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado dirishani.