Kuunganisha redio ya mawasiliano na simu ya intaneti

Unahitaji redio yenye tundu la data nyuma, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya Asterisk (inayoendesha simu za intaneti), na kadi ya sauti ya USB yenye chipu ya CM108. Leseni ya masafa iwepo kwanza.

Nyaya ni nne: sauti inayoingia, sauti inayotoka, waya wa kurusha (unaoiamuru redio irushe) na ardhi (waya wa pamoja wa sifuri). Pini 13 ya CM108 hutoa amri ya kurusha, lakini usiiunganishe moja kwa moja na redio. Pitisha kwenye transista ya 2N7000, ambayo huvuta waya wa kurusha hadi ardhini. Ongeza waya wa tano, unaoijulisha kompyuta kwamba redio inapokea, uende pini 48 ya CM108. Wengi huuruka wakategemea sauti yenyewe iwashe mtambo. Matokeo yake silabi ya kwanza hukatwa: "haraka" inasikika "raka".

Ukisikia mvumo, tenganisha sauti kwa transfoma ya 1:1, ohm 600. Redio ikigoma kuacha kurusha, mara nyingi mawimbi ya antena yameingia kwenye waya wa USB: vika waya pete ya feraiti, isogeze antena mbali.

Kwenye ruta fungua mlango wa UDP 4569 kwa IAX2, itifaki ya Asterisk ya kubeba simu. Mazungumzo kwa kodeki ya ulaw (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hula takriban kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande. Weka kikomo cha kurusha, sekunde 180, na nguvu ya chini. Redio ya gari haikuundwa kurusha mfululizo.